Mwezi wa Ubao

Walituambia tuvae nguo za Idi.
Nikavaa dera jipya la zari, na hina ya mkono mmoja
(wa pili ulikataa kukauka),
nikapanda ngazi za studio pale Tudor saa nne asubuhi,
kumi na saba Ramadhani.

Mwezi ulikuwa wa ubao, umepakwa rangi ya fedha,
umening'inizwa kwa mshipi wa plastiki.
Fundi wa taa akabonyeza, ukaandama.
Mwelekezi akasema, "Haya, shangilieni!"
Tukashangilia, midomo mikavu kama maganda ya njugu.
Sauti ikawa ndogo. Tukarudia.
Watu hula Idi;
sisi tuliipiga mara nne na njaa zetu.

Mkate wa mayai, dakika arubaini na tano,
mbele ya jiko la umeme lenye vidude
kuliko redio ya marehemu babu.
Kwetu Kibokoni mimi ni makaa: chini kidogo, juu tele,
naitegea sufuria sikio, ikinyamaza umeiva.
Hili jiko halinyamazi. Languruma hata tumbo likiwa tupu,
kama mjumbe wa kamati ya harusi.

Mayai kumi nikapiga mpaka povu likasimama
na bega likafa ganzi. Kisha sukari.
Mkono wangu wapima sukari ya chenga, ya duka la Abdulrazak;
hii yao laini kama poda,
yapita vidoleni bila kuaga.
Sikujua nimetia ngapi.

Ilibidi nionje.
Mamangu asema: ncha ya ulimi, kisha uteme,
yafaa kwa mwenye haja.
Sawa, mama. Na kamera tatu hizi,
nitatema wapi, Pwani nzima ikinitazama?

Meza ya pili, Kadzo Mwaringa wa Mishomoroni.
Yeye hafungi. Ila maji
alikwenda kuyanywa nyuma ya pazia; nilimwona,
amejikunyata kama mwizi, kwa ajili yetu.
Tuligombea tanuri moja la milango miwili
na shilingi laki tatu.

Nikamsogezea bakuli.
Akachovya kidole cha mwisho, akafumba macho.
Muda mrefu.
Hakusema kitu, vinasa sauti vilikuwa vifuani mwetu.
Akainua kidole kimoja.

Kimoja nini?
Kijiko? Kikombe? Au ndiyo namna
ya mshindani kuniambia nani wa kwanza?
Mtangazaji keshaanza kuhesabu kurudi nyuma.
Nikakitazama kile kidole. Kilikuwa bado na povu langu.
Nikatia kijiko kimoja.

Idi yenyewe, ya mwezi wa kweli
(na ubishi wake, wa Tanga umeonekana, wa kwetu haujaonekana),
tulijazana sebuleni kwa shangazi Batuli.
Nikajiona nashangilia ubao.
"Mbona midomo imekupasuka?" mtoto akauliza.
Jaji akakata kipande, akatafuna polepole,
akasema, "Utamu huu una adabu."
Sebule ikapiga vigelegele, sikumsikia aliloongeza.
Nilitoka wa pili.

Kadzo alitolewa mapema.
Karameli yake iliungua, ikawa nyeusi ya lami,
na jaji akamuuliza, "Ulikuwa watazama wapi?"
Kwenye televisheni anacheka tu, anapangusa meza
ambayo tayari ni safi.

Nilisubiri kile kidole.
Nilinyamazisha watoto, nikasogea mpaka pua karibu iguse kioo.
Bakuli linasogea... kisha tangazo la unga wa ngano,
familia ya watu wanne, meno meupe,
kisha mkate wangu tayari umeumuka.

Shangazi akauliza nimepoteza nini.
Nikaomba sahani yenye kifuniko.
Nimekata kipande cha katikati, kile chenye zabibu,
na nambari yake ninayo.
Imeita mara mbili. Haijapokewa.
Napiga tena.