Sekunde Nane Juu ya Rioni

Jua lilishatua nyuma ya kanisa la kilimani,
dada akauliza, "Sasa utapiga nini, Zaali? Kivuli cha nani?"
Nami ndiyo kwanza nafungua begi.

Miguu mitatu ya kusimamishia kamera sina.
Nina ukuta wa daraja, baridi kama pua ya mbwa,
nina soksi ya sufi niliyoijaza maharage makavu, nikaipiga fundo,
na juu yake kamera imejilaza
kama kuku anayeatamia.

Robo sekunde: giza, na nukta moja ya taa ya duka la dawa.
Sekunde moja: taa zimeota ndevu.
Sekunde mbili: nilipumua, mji mzima umelewa.
Nikaongeza usikivu, nikaambulia chengachenga,
zile zile za televisheni ya baba
jioni zilizokuwa na umeme,
nazo zilikuwa za kuhesabu.
Tulikulia gizani, mimi na Lamara.
Mama alitunga uzi kwenye sindano
kwa mwanga wa dirisha la jirani mwenye jenereta,
akihamisha kiti kila jirani alipohama chumba.
Kwa hiyo nisijidai nimegundua kitu.

Tukatembea. Mwokaji Otia aliinamia tanuri,
nusu yake ndani, nusu mtaani;
nikampiga kwa mwanga wa moto wake mwenyewe:
mkate umetoka mweupe kama chokaa, Otia hayupo.
Mbwa akapita: ukungu wenye mkia.
Kijana wa baiskeli akapita: hakuacha kijana wala baiskeli,
uzi mwekundu tu, umenyooshwa hewani.

Nikaielewa sheria ya mashine hii:
anayekwenda hufutika,
anayetulia hubaki.
Sikuisema kwa sauti.
Kesho saa kumi na moja alfajiri kuna basi la Bari,
kuna bibi wa Kiitalia anayehitaji kuogeshwa,
na sanduku la Lamara limefungwa
kwa kamba yetu ya kuanikia nguo.

"Simama hapo, chini ya taa mbovu. Sekunde nane. Usitikisike."
Akasimama kama nguzo.
Moja. "Gesi uifunge kwenye mtungi, si kwenye jiko tu."
Tatu. "Dawa zako za presha zimo kwenye kopo la chai."
Tano. "Na ufunguo usimwachie mtu, hata Otia."
Saba, akanyamaza, akautazama mto.

Tukaikuza picha palepale kwenye kioo:
vifungo vya koti, vyote vinne, vinahesabika.
Mkoba, viatu, hata mshono uliofumuka begani.
Mto nyuma yake umekuwa maziwa.
Ila mdomo hauna umbo,
moshi mdogo
palipokuwa na maneno.

"Umeiharibu," akasema. "Rudia."

Nikamwambia betri imekwisha.