Kadi Namba 317

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda
na bata wanatembea juu yake kama wenye hati ya kiwanja.
Ofisi yetu ipo ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani;
mabomba ya joto yanagonga, yananyamaza, yanagonga tena.
Jana Virve alisema, bila kuinua macho kwenye supu:
"Unganisha ghala la msimbo na ubao wa kazi.
Nimechoka kuuliza."

Shida yote ndiyo hiyo.
Ghala linajua kilichofanyika, mstari kwa mstari,
nani, saa ngapi, alifuta nini.
Ubao unajua tu kilichoagizwa.
Miaka sita wamelala kitanda kimoja
wakipeana mgongo,
na sisi katikati, washenga tusio na ujira:
anasema amemaliza,
anasema hajaona.

Saa moja asubuhi, kungali giza,
natengeneza ufunguo: herufi arobaini
utadhani paka amepita juu ya kibodi.
Wananionya kwamba nitauona mara hii tu.
Naupa ruhusa ya kusoma, si ya kuandika;
mgeni aone sebule,
jikoni asubiri tujuane.
Natundika ndoano upande wa ghala,
nabonyeza Jaribu.

Mia nne na moja: hujulikani.
Nabadilisha.
Mia nne na tatu: unajulikana, ila huruhusiwi.
(Hili la pili linauma zaidi. Muulize yeyote
aliyewahi kusimama kwenye dirisha la uhamiaji.)
Kumbe nimebeba nafasi tupu mwishoni mwa ufunguo,
moja, nyembamba, isiyoonekana,
na nimeihangaikia hadi Urmas ameingia,
ametikisa theluji, ameniachia kipande cha mkate mweusi.

Mia mbili.

Ubao ukauliza kama niingize na historia.
Nikakubali jinsi watu wanavyokubali masharti,
bila kusoma.

Miaka sita ikaanza kushuka.
Kila badiliko lenye namba likatafuta kadi yake
kama watoto wa chekechea saa ya kwenda nyumbani,
kila mmoja na koti lake, na wawili waliobadilishana.
Kadi zikahama zenyewe, kutoka Tunafanya kwenda Tayari.
Virve akacheka chumba cha pili:
"Kumbe nusu tulishamaliza!"

Halafu 317.
*Kipimajoto cha shule ya Annelinn
kinadanganya baridi ikizidi nyuzi ishirini.*
Aliyepewa: Kalju.
Chini yake maswali ya Virve: Vipi hii? Kalju?
Na baada ya hapo, hakuna.
Miaka miwili hatukumpa mtu mwingine.
Kwenye vikao tuliiruka
kama tunavyoruka kile kiti cha dirishani.

Sasa mstari mpya umejibandika chini ya maswali:
Kalju Rebane, Machi kumi na moja, saa tano na dakika arobaini usiku.
"Alama ya kutoa ilidondoka njiani. Nimeirudisha. 317.
Naenda kulala."

Machi kumi na mbili tulipigiwa simu na dada yake.

Kwa hiyo alikuwa amemaliza.
Watoto wa Annelinn wamevua glavu darasani
majira mawili ya baridi,
na sisi tulidhani kile kipimajoto
kimechoka tu kudanganya.

Kadi ikajivuta. Polepole, au mtandao ulikuwa mzito.
Ikakaa Tayari, na kile kiduara chake cha kijani, K na R.
Taarifa imetumwa kwa Virve, Urmas, mimi, Kalju.
Moja ikarudi: anwani hii haipo.

Sikumsikia Virve akija nyuma yangu.
"Alama ya kutoa," alisema. "Kistari kimoja."
Akainama, akanipokonya kipanya,
akambonyezea kidole gumba,
akabaki ameshika kipanya hicho
muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kisha akauliza yamebaki maghala mangapi.
Manne, nikasema.
Akaenda kuchemsha maji.