Shimo Nambari Kumi na Saba

Kabla ya sururu, nilipiga magoti.
Juu kabisa ni mawe, yamebanana bega kwa bega
kama waumini wa safu ya kwanza,
migongo imeungua nyeusi kwa jua,
matumbo mekundu, hayajaonwa na mtu.
Nikahesabu ndani ya fremu ya waya:
themanini kwa mia ni kokoto.
Upepo wa Nevada ulishachukua chake zamani,
haya ni yale yaliyoushinda.

Graxiana Iribarne aliegemea lori lake, mikono kifuani.
"Chimba," akasema. "Mimi najua utakapokomea."

Chini ya mawe, vidole viwili tu vya udongo hafifu,
rangi ya majivu yaliyopoa,
una vitundu vitundu kama mkate wa kumimina.
Ukiugusa, unga.
Ukiumwagia maji, hauyataki:
yanazunguka juu, yanatafuta mlango,
yanakwenda zao bondeni.
Nikaandika: hupitisha maji polepole.
Daftari la serikali halina nafasi ya neno "bahili".

Halafu wekundu.
Hapo sururu iligoma kidogo.
Nikatema mate kiganjani, nikafinyanga,
utepe ukatoka kati ya kidole na gumba,
ukafika urefu wa ukucha, ukakatika.
Huu ni mfinyanzi, tena mfinyanzi mzee,
ulishuka chembe kwa chembe enzi za mvua nyingine,
mabonde haya yalipokuwa maziwa
na hapakuwa na mtu wa kuyaita makavu.
Mizizi ya vichaka vya kijivu imeupenda,
imejipenyeza, imelala ubavu,
myembamba kama uzi wa kushonea kifungo.

Mkono mmoja chini, kokoto zikaanza kuvaa nyeupe,
upande wa chini tu, kama soksi.
Nikadondosha asidi.
Ikachemka, ikanong'ona
kama mafuta yakipokea kitunguu.
Chokaa.
Hapa ndipo tone lilipochoka,
likatua mzigo wake, likakauka.
Miaka elfu kumi ya kuchoka mahali pamoja.

Kisha mtaimbo ukalia kama kengele, ukanirudia mikononi
hadi kwenye meno.
Nikapima: sentimita sitini na moja.

"Sitini," akasema Graxiana, bado yuko kwenye lori.
"Beltxa yuko pale kwenye mwinuko, sitini.
Xuri, sitini.
Yule kilema aliyeumwa na nyoka,
nilimchimbia mwenyewe usiku, tochi mdomoni: sitini.
Mbwa wetu wote wanalala ghorofa moja.
Beñat alitaka alale nao.
Kaunti ikasema kina hakitoshi.
Wakampeleka mjini, kando ya mto,
kwenye udongo mweusi laini, hauna jiwe hata la kutupia kunguru.
Miaka thelathini na minane aliyatukana mawe haya
kila asubuhi, kabla ya kahawa.
Sasa sijui huko anamtukana nani."

Nikatazama fomu.
Mteremko, rangi ikiwa kavu, rangi ikiwa mbichi,
mizizi: michache, myembamba.
Nikaandika: tabaka limegandamana kwa chokaa, mtaimbo haupiti.
Nikaandika: malisho haba.
Nikafunga kalamu, nikaifungua tena,
sikuwa na la kuongeza.

Kufukia ni kazi ya kinyumenyume:
nyeupe kwanza, nyekundu, kisha kijivu.
Lakini ardhi haifungiki kama sanduku.
Palibaki tuta, jembamba, refu kidogo,
sote wawili tukalitazama bila kulitaja.

Ndipo akaja.
Magoti yake yalilia kuliko yangu.
Akaanza kuyapanga mawe, moja moja,
nyeusi juu, nyekundu chini,
akilipapasa kila jiwe kwanza kama anayechagua yai.
Nami nikapanga, kwa haraka zangu za mtu wa ofisi.

"Hili umeligeuza," akaniambia,
kwa sauti ya mtu anayemweka mtoto sawa kola,
akalichukua mkononi mwangu
akalirudisha uso wake juani.