Kratera

Padre Mtewele alifundisha Kilatini akiwa amevaa makoti mawili,
kwani Julai ya Njombe haina huruma hata kwa wafu,
na Kilatini, alisema, hakijafa, kimejikunyata tu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya maneno ya Kigiriki.
Aliyaita wageni.
"Poeta," akaandika, chaki ikamvunjikia,
"limevaa a kama majina ya kike, lakini mshairi huyu ni mwanamume,
na kivumishi humfuata mtu, hakifuati vazi."
Nyagawa, wa dawati la nyuma:
"Kama daktari, Padre. Hana m- wala wa-,
lakini hatusemi daktari nzuri."
Tulicheka. Mvuke ukatutoka midomoni.

Kisha krater: chungu kikubwa
cha kuchanganyia divai na maji.
Likiwa yambwa, Mroma wa sokoni angelibandika -em, basi.
Aliyesoma alisema kratera, kwa mwisho wa ugenini,
kama mtu anayetunza ufunguo
wa nyumba aliyokwisha kuihama.

Nikamwona mama.

Mkisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa,
binti wa wafinyanzi. Baba aliteremka kununua vyungu
akapanda navyo vitatu, na yeye.
Aliletwa. Alipewa jembe. Alionyeshwa shamba la viazi.
Miaka kumi alikuwa yambwa katika kila sentensi ya ukoo:
wamemleta, mkalisheni motoni, mwacheni, hajazoea baridi.
Akisema kamwene,
aliivuta ile e ya mwisho kama kamba ya mtumbwi.
Watoto wa jirani walimwigiza.
Naye akaendelea kuivuta.

Nilinyoosha mkono. "Padre, lile neno liliishia wapi?"
Akapenga kamasi kwanza.
"Walilisikia likibebwa, likibebwa,
hata wakasahau kuwa ni yambwa.
Wakalikalisha mwanzo wa sentensi. Kratera: kiima,
jina la kike, lina wingi wake, lina umilikishi wake."

Ukifika kwetu leo, ukaulizia nyumba ya baba,
watu watakunja nyuso.
Uliza kwa Mkisi.
Utaelekezwa upite miwati, ugeuke penye ua wa mianzi.
Yeye ndiye anayeamua viazi vichimbwe lini,
na nani asalimiwe kwanza.
Wajukuu huivuta e ileile
wala hawajui kama kuna kamba.

Katika vile vyungu vitatu kimesalia kimoja.
Kina ufa mdomoni. Humo ametia mbegu za maboga.