Kipanya Ndani ya Droo

Siku ya kwanza Bi Halszka alikusanya vipanya vyetu vyote
kama mwalimu wa chekechea anyang'anyavyo peremende,
akavifungia ndani ya droo, ufunguo akautia mfukoni.
"Vidole kwenye kibodi. Huko benki hakuna atakayekusubiri
utafute mshale kwenye kioo."

Tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu na shahada yake.
Yangu mama aliitundika sebuleni, kule Białystok, karibu na saa.
Ningeweza kukuandikia kurasa ishirini juu ya riba
na sikuwahi kumtazama usoni mtu anayedaiwa.

Chumba kilikuwa ng'ambo ya mto Vistula, Warshawa ya mashariki,
juu ya duka la mikate la Bogumił.
Darasa lilianza saa kumi na mbili asubuhi, kwa makusudi.
Joto la tanuri lilipenya sakafuni likatupasha nyayo;
kuanzia magotini kwenda juu, tulikuwa mali ya Novemba.

Kazi ya kwanza: lipimeni thamani hilo duka lililo chini yenu.
Tukashuka na madaftari. Tukahesabu magunia,
tukauliza bili ya umeme, umri wa tanuri,
nani hukopa mkate na hulipa lini.
Ziemowit akaandika: tanuri, miaka kumi, uchakavu sawa kwa sawa.
Bogumił akacheka hadi unga ukamdondoka kwenye nyusi.
"Na mgongo wangu je? Huo unachakaa kwa asilimia ngapi?"

Hatukuwa na mstari wa mgongo.
Bi Halszka akasema tuuongeze:
mshahara wa atakayekanda siku Bogumił asipoweza kuinama.
Thamani ya duka ikaporomoka kwa theluthi.
"Haya," akasema, "sasa mnaweza kumwonyesha mtu."

Halafu mizania.
Huku mali, huku madeni na mtaji,
na chini kabisa kisanduku kimoja kinachopaswa kusema sifuri.
Changu kilisema arobaini na mbili.
Nilikula nacho, nikalala nacho: arobaini na mbili.
Usiku wa tatu nilitaka kuichapa sifuri kwa mkono wangu,
nani angejua?
Bi Halszka alikuwa amesimama nyuma yangu, anamenya chungwa.
"Igawe kwa mbili, kisha umtafute mwizi."

Ishirini na moja. Nikamkuta: ni unga.
Unga ulioongezeka ghalani ni pesa iliyotoka mfukoni,
mimi niliuandika kama pesa iliyoingia.
Kistari kimoja tu, kifupi kuliko kope.

Radosława aliacha masomo wiki ya tano.
Anakanda kwa Bogumił siku hizi.
Ndiye mstari wa mgongo.

Nami niko ghorofa ya thelathini na nne, saa nane za usiku.
Kampuni ya vioo inataka kuinunua kampuni ya vioo.
Faili limepita mikono sita, linang'aa, lina kurasa za rangi.
Safu ya mauzo, mwaka wa tano, seli moja haina fomula:
mtu amechapa asilimia tisa, akaenda zake.
Bila hiyo tisa, ni nne.
Ikiwa nne, bei yote haisimami.
Wateja wanakuja saa tatu asubuhi.

Leopold, anayenizidi vyeo viwili,
amelala juu ya koti lake, viatu kavipanga vizuri.
Cheti cha Bi Halszka ni karatasi nyepesi, kimo kwenye begi
pamoja na risiti na kadi ya tramu.
Hakikuandikwa mahali popote
namna ya kumgusa bosi begani.

Nikamgusa.
Akaitazama seli, akanitazama, akaitazama saa.
"Nani aliichapa hii?"
"Wewe."

Mashine ya kahawa ilikohoa peke yake koridoni.
Leopold akavaa kiatu kimoja, akakisahau cha pili,
akavuta kiti.
"Turudi mstari wa kwanza," akasema.
Mkono wake ulikwenda kwenye kipanya.
Wangu ulikuwa umeshafika.