Kooni Inafikaje

Julai, Hombolo, saa moja na nusu asubuhi.
Upepo wa bwawani unakata kama wembe uliosahaulika mfukoni,
nami nimevaa sweta la kuazima, mikono haifiki viganjani.
Nimetumwa mchuzi wa zabibu, lita mia mbili,
kwa bei ya kutupa ikiwezekana.
Tajiri yangu amenifunga na maneno ya kusema:
soko limelala, barabara mbovu, chupa zimepanda.

Mbukwenyi, nasema langoni.
Kigogo changu chote kimeishia hapo,
na anayenipokea ni mbuzi.

Kisha anatoka Ndahani, anapangusa mikono kwenye suruali,
ananipitisha kati ya safu.
Vichala bado vigumu, vya kijani, vimebanana
kama watoto wanaoota moto.
“Huu aliupanda baba. Ule, mjomba.
Huu uliopinda ulikanyagwa na ng’ombe wa jirani,
mama akaufunga kwa kipande cha kanga.
Basi, ndio unaozaa kuliko yote.”
Kanga bado ipo, imefifia,
maneno yake yameliwa na jua, limebaki moja: *subira*,
au labda *sitaki*. Sikuinama kusoma.

Kiwanda ni sebule.
Simtenki tatu zimekaa palipokuwa na makochi,
picha ya harusi ukutani inatazama mapovu.
Mwaka ule wanunuzi walipofunga mageti
na zabibu zikaozea kwenye kreti, nyigu wakanenepa,
marehemu Nehemia aliuza makochi, akauza na redio,
akarudi na matenki juu ya mkokoteni.
Walisema amerukwa na akili.
Wageni walikaa kwenye ndoo mwaka mzima.

Nyemo, mjukuu, anabandika lebo kwa uji wa ngano;
kila ya tatu imeenda upande.
“Hizo za walevi,” anasema, “hawataona.”

Na Mama Sechelela, shuka la kimasai mabegani,
mlokole tangu ujana, mwimbaji wa kwaya ya asubuhi,
ndiye anayeamua.
Anachota kwa kikombe cha bati, ananusa,
anasukutua, macho ameyafumba,
anatema kwenye ndoo ya majivu. Chwa!
“Hili lina haraka.”
Chwa!
“Hili linakuchekea mlangoni, ndani halina kitu.”
Chwa!
“Hili mliache mpaka Septemba. Lina hasira bado.”
Miaka ishirini na sita
hajameza hata tone.

Mimi nameza. Kazi yangu ni kumeza.
Ananitolea chupa isiyo na lebo, kizibo kimefungwa kwa nta ya mshumaa,
zao la mwisho la mikono ya Nehemia.
Anamimina kidogo, anasubiri koo langu lipande na kushuka,
kisha anaketi karibu, sauti ya chini
kama muulizaji wa siri za ndoa:
“Ulimini naujua. Puani naujua.
Niambie, mwanangu,
kooni inafikaje?”

Nilikuwa na maneno ya soko, ya barabara, ya chupa.
La koo sikupewa.
Nikakaa. Mapovu yakaongea ndani ya tenki.
Nikasema, “Inashuka taratibu, mama,
kama mtu anayeingia nyumbani usiku,
viatu mkononi, akijua kuna waliolala.”

Akatazama picha ukutani.
“Nehemia alisema inawasha,” akajibu,
akacheka mpaka shuka likaanguka.
“Haya. Sasa taja bei yako.”

Nikataja yake.

Pipa tumelifunga kwenye pikapu kwa kamba ya katani.
Simu ya tajiri inaita, inaita, naiacha iite.
Doa la zambarau limeingia kwenye mkono wa sweta,
na sweta ni la watu.