Neno Basi

Mimi nakata nta. Ndiyo kazi yangu hapa Mbarara,
chumba cha nyuma ya wodi, dirisha likiutazama mto Rwizi.
Kipande cha tumbo la mtu, chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nakilaza juu ya kioo, nakitia rangi, nasubiri.

Leo ni cha Ndyanabo, mwashi wa Nyamitanga.
Namjua. Alijenga vyoo vya shule ya wanangu,
na Kiswahili chake chote alikiokota saiti za Jinja:
leta, shika, ongeza, basi.

Juzi alinikuta kwenye benchi la nje, akaniuliza ni kitu gani.
Mimi si daktari. Nilimjibu kwa lugha ya saiti.

Tumbo, mzee, ni ukuta unaopigwa lipu kila wiki.
Asidi inabandua, mafundi wanabandika.
Chakula kikifika, homoni hukimbia damuni kama tarishi,
gastrini jina lake: Wageni hao! Washeni moto, ongezeni mikono!
Na palipochubuka hutumwa ujumbe mwingine, wa kukuza:
seli huupokea mlangoni, hujigawa, kidonda hufunga.
Kisha lazima pawe na wa kusema basi.

Akacheka kidogo. "Na fundi wangu hasikii?"

Ongeza anaisikia,
hata pasipo anayeita.

Sasa hadubini inanionyesha. Seli ya kawaida
ina masikio machache, yenye adabu.
Hizi zimeota masikio ukingo mzima,
kahawia nzito, udongo wa tofali kabla ya tanuri.
Naandika: jumlisha tatu.
Ni habari mbaya yenye mlango. Dawa ya kuziba masikio hayo ipo.
Ipo Kampala. Bei yake ni nyumba,
ile ile ya Ndyanabo, iliyoishia kwenye lenta.

Nje, binti yake Kenyangi amefungua chupa ya obushera.
Mzee anakitazama tu kikombe.
Njaa nayo ni homoni,
barua ambayo tumbo hukiandikia kichwa,
na la kwake limeacha kuandika.

"Kunywa, Tata."

Funda moja. Anafikiri. La pili.
Kenyangi anainamisha chupa amwongezee,
naye anafunika kikombe kwa kiganja
chenye saruji ya miaka mingi katika mistari yake,
analitamka taratibu, kama fundi anayejaribu
taa kuona kama umeme umerudi:

basi.